Barabara ya Tanga na Tone la Oili

Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Tanga ina urefu wa kilomita zipatazo 350, ukishika njia ya Chalinze na Segera. Wasafiri wengi huijua kwa vituo vyake vya chakula, kwa machungwa ya Muheza, na kwa mashamba ya mkonge yanayokwenda sambamba na lami mpaka macho yachoke. Wapo wachache wanaoijua kwa namna nyingine. Hao ni wale wanaoipita na gari kuukuu linalovuja oili. Kwao kila mlima una maana, kila mahali tambarare penye kivuli ni neema, na kila harufu inayoingia dirishani huulizwa inakotoka.

Gari letu ni saluni ndogo ya Kijapani iliyoundwa mwaka 1996, ikaletwa nchini ikiwa imekwisha kutumika kwao, kama yalivyo mengi ya magari tunayoyaona mitaani. Tuliondoka Ukonga siku ya Jumamosi mara baada ya swala ya Alfajiri. Ndani tulikuwa sita: mimi, mke wangu, mama mkwe na watoto watatu. Tulikuwa na sababu ya kufika. Binti wa marehemu kaka yangu alikuwa anaozwa usiku huohuo baada ya Isha, na kwa kuwa hana baba, wala babu, wala ndugu wa kiume, mimi ami yake ndiye niliyekuwa walii. Najua msomaji atasema walii aweza kuwakilisha mtu mwingine, hata kwa simu. Ni kweli. Lakini yule mtoto alikuwa ameniambia mara tatu kwamba anataka mkono wa ami yake uwe pale pale alipokuwa awe baba yake, na neno kama hilo halijibiwi kwa simu.

Mpaka Chalinze gari lilikwenda kama maji. Njia pana za Kimara hadi Kibaha zilikuwa hazijajaa malori, na Mlandizi tukaipita jua likiwa linachomoza. Chalinze tukanywa chai. Kabla ya kuwasha tena nilifungua boneti nikapima oili, kama nilivyofanya nyumbani. Kupima kwenyewe ni jambo dogo ambalo wengi hulifanya upesi mno: gari liwe mahali tambarare, injini iwe imezimwa dakika kadhaa ili oili ishuke kwenye sampu, kijiti kichomolewe, kifutwe kwa kitambaa kisafi, kirudishwe hadi mwisho, kisha kichomolewe tena ndipo kisomwe. Alama mbili za kijiti, ya chini na ya juu, katika magari madogo mengi hutofautiana kwa lita moja hivi. Injini kama yetu huchukua lita 3 na kidogo kwa jumla. Kwa hiyo oili ikifika alama ya chini, karibu theluthi ya damu yote ya injini imekwisha kutoka. Pale Chalinze ilikuwa karibu na alama ya juu.

Baada ya Msata, pale barabara ya Bagamoyo inapoungana na hii, nchi huanza kuinuka na kuinama. Zamani safari hii yote ilikuwa na hofu moja, Wami. Daraja la zamani lilikuwa jembamba, gari moja hupita na jingine hungoja, na pande zote mbili ni mteremko mkali ambao uliyala malori mengi na watu wake. Sasa liko daraja jipya lenye urefu wa zaidi ya nusu kilomita, na mto ule wenye viboko na mamba unaupita ukiwa umestarehe. Watoto walitaka tusimame wautazame. Hatukusimama. Tulipokuwa tukipanda upande wa pili ndipo mama mkwe, aliyekuwa kimya tangu Kibaha, akauliza, "Mwanangu, kuna mtu anakaanga kitu?"

Harufu ya oili inayoungua mtu akiijua mara moja haisahau. Si ya petroli, si ya mpira wa breki, wala si ile tamu kidogo ya maji ya rejeta. Ni nzito, kama ya kikaango kilichosahauliwa jikoni, nayo huzidi gari linapopunguza mwendo kwa sababu upepo hauipeperushi tena. Tuliingia Mbwewe, tukaegesha chini ya mti, na nilipoinua boneti moshi mwembamba mweupe ulikuwa ukipanda kutoka juu ya ekzosi.

Hapa niwaombe wasomaji wasiopenda habari za injini wanivumilie, kwa kuwa jambo lenyewe ni jepesi kuliko linavyotisha. Injini ni masanduku kadhaa yaliyofungwa pamoja. Kila mahali masanduku mawili yanapokutana huwekwa gasketi, ya mpira, ya karatasi ngumu au ya kizibo. Na kila mahali mhimili unapotoka nje ukizunguka, huwekwa pete ya mpira ambayo mafundi huiita sili. Mpira hupikwa na joto mwaka baada ya mwaka. Hukauka, hugeuka mgumu kama ukucha, hupungua, na oili iliyo moto, nyepesi kuliko ulivyoizoea kwenye chupa, hupata njia. Gari la miaka ishirini na kitu lisilovuja hata tone ni la kushukuriwa. Linalovuja si la kutupwa. Swali ni oili inatoka wapi, inatoka kiasi gani, na inamdondokea nani.

Swali la mwisho ndilo la hatari. Oili ikidondoka chini huchafua ua wako. Ikiudondokea mkanda, mkanda huteleza au huoza. Ikiziingia raba zinazoshika injini, raba hulegea. Na ikidondokea ekzosi, ambayo gari likipanda mlima yaweza kuwa moto wa kuwasha karatasi, basi kuna moshi leo na huenda kuna moto kesho. Kwetu ilikuwa ni hiyo ya mwisho. Kile kifuniko cha juu ya injini ambacho gereji zote hukiita tapeti kava kilikuwa kimelowa ukingoni, na michirizi myeusi ilikuwa ikishuka moja kwa moja juu ya bomba la moshi.

Nilipima tena. Kiasi kilikuwa kimeshuka, ila kidogo sana. Hilo ndilo lililotupa uamuzi: injini haikuwa imekosa oili, na taa nyekundu haikuwa imewaka. Niseme neno kuhusu taa hiyo, kwa kuwa watu wengi wazuri wameua injini zao kwa kutoielewa. Taa ile yenye umbo la birika haikuambii kwamba oili imepungua. Inakuambia kwamba msukumo wa oili umekosekana, yaani vyuma vinasagana vikavu sasa hivi. Ikiwaka barabarani huendi kutafuta kituo cha mafuta mbele. Unazima hapohapo pembeni.

Basi tukafuta oili yote iliyoonekana kwa matambara, tukangoja bomba lipoe, nikaongeza robo lita kutoka kwenye chupa iliyokuwa kwenye buti, na tukaendelea kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, madirisha wazi, huku mke wangu akiwa amekipakata kile kizima moto chekundu ambacho kwa kawaida husalimiwa na trafiki peke yao. Manga tukasimama. Mkata tukasimama. Kabuku tukasimama, katikati ya mkonge. Mmea huu uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche iliyosalia hai ikiwa 62 tu, na kwa miongo mingi uchumi wote wa pwani hii ulisimama juu ya nyuzi zake. Niliyasimulia hayo kwa watoto ili wasitazame moshi. Mkubwa wao akaniuliza kama mkonge unaweza kuziba gasketi. Lilikuwa swali zuri kuliko alivyodhani, maana kamba za katani zimetumika kuziba mabomba tangu zamani.

Segera ni njia panda. Barabara moja inakwenda Korogwe, Moshi na Arusha, nyingine inakata mashariki kuelekea Tanga, na kwa hiyo kila gari la kaskazini lenye shida hufia au hufufukia hapo. Mafundi wake wamezoea malori. Wengi hawana jengo. Wana mwembe, kipande cha turubai na sanduku la spana. Tuliyempata alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, ovaroli yake imeota ngozi ya grisi, na jambo la kwanza alilolifanya lilinipa matumaini: hakushika spana. Alishika kitambaa.

"Mzee, oili inakimbia na upepo," alisema. "Unapoiona siyo ilipotoka. Natafuta palipolowa juu kuliko kote."

Nimewahi kuona, Dar es Salaam, gari likifunguliwa sampu kwa kuwa chini ndiko kulikolowa, kumbe oili ilikuwa inatoka juu na kushuka taratibu hadi chini. Kijana alifuta kila kitu mpaka chuma kikaonekana, akanyunyiza poda ya mtoto, ndiyo, ile ile iliyo kwenye mkoba wa kila mama, kisha akawasha injini kwa dakika kumi. Juu ya weupe wa poda mstari mmoja wa kahawia ulijichora kutoka pembe ya nyuma ya tapeti kava. Hapo akawa na hakika. Akazima, akasema sasa tungoje.

"Si uikaze tu, fundi?" aliuliza abiria mmoja aliyekuwa akingoja basi, kwa maana njia panda haikosi washauri.

"Iliyokufa haikazwi. Nikikaza, nitakata bolti au nitapinda kifuniko. Halafu nayo itavuja zaidi."

Jibu hilo lingefaa kubandikwa kwenye milango ya gereji nyingi ninazozijua. Gasketi ya mpira hubanwa kwa kipimo kidogo tu, na kazi kubwa ya bolti zake ni kuikalisha sawa, si kuisaga. Ndivyo ilivyo pia nati ya kumwagia oili chini ya sampu. Hukazwa kwa ubabe kila oili inapobadilishwa, mpaka meno ya ndani yanaliwa, wakati kilichokuwa kikihitajika ni kubadilisha ile washa nyembamba isiyozidi bei ya andazi. Na filta nayo ni hivyohivyo. Hupakwa oili kidogo kwenye pete yake, ikafungwa kwa mkono, basi. Jirani yetu mmoja alimwaga oili yote barabarani ndani ya dakika chache kwa sababu pete ya filta ya zamani ilibaki imeganda kwenye injini, ya mpya ikafungwa juu yake.

Injini ya moto haifunguliwi juu bila kungoja, na kungoja huko kulikuwa kama saa moja na nusu. Adhuhuri ilikuwa imeingia. Mke wangu akalisema lile nililokuwa nikiliogopa: kwamba mama ana miguu inayovimba, watoto wana njaa, na kwamba mabasi ya Tanga yanapita kila mara, kwa hiyo wao watangulie. Mama mkwe alikataa kwanza. Alisema hatoki kwenye safari akamwacha mkwewe porini. Tulimbembeleza. Hatimaye akapanda, akaketi dirishani, na basi lilipoondoka aliinua mkono akiuelekeza kwenye gari na siyo kwangu, midomo ikisoma dua.

Tuliswali, mimi msafiri nikizikusanya na kuzifupisha Adhuhuri na Alasiri, mimi na fundi tukiwa na udhu, na udhu wenyewe ulikuwa kazi. Yeye alinawa kwa sabuni ya unga iliyochanganywa na unga wa mbao, akisugua kucha moja moja. Oili ya mashine si najisi, na doa lake kwenye nguo haliharibu swala. Lakini grisi iliyoganda mkononi ni ganda, nalo huyazuia maji yasifike kwenye ngozi. Kijana hakuhitaji kuelezwa. Alisema yeye huanza kunawa robo saa kabla ya adhana.

Gasketi ilipotoka ilivunjika vipande vitatu mikononi mwake. Alijaribu kukipinda kimoja kikalia kama kijiti. Mpya haikupatikana Segera, wala kwa simu hakuiona Korogwe. Hapo ndipo fundi mwovu na fundi mwema huachana. Mwovu hupaka gundi ya silikoni nyingi kama siagi juu ya mkate, hufunga, na gari huondoka kavu. Siku zijazo vipande vilivyofinywa ndani hukatika, huanguka kwenye sampu, huvutwa mpaka kwenye chujio la pampu na kuliziba, na injini iliyokuwa ikivuja kwa kijiko hufa kwa kiu. Kijana wetu alisafisha pande zote mbili kwa petroli hadi zikakauka, kwa kuwa gundi haishiki penye oili, akapaka uzi mwembamba kama wa kushonea, akasubiri ushike kidogo, akafunga bolti kwa kuruka, ya huku na ya kule, kama mtu afungavyo gurudumu. Halafu akafanya jambo ambalo sikumwomba: akachomoa ile vali ndogo ya kupumulia injini, akaitikisa sikioni. Haikulia. Ilikuwa imeziba kwa masizi.

"Hii ndiyo iliyoiua," alisema.

Injini hupumua. Gesi zinazopenya pembeni mwa pistoni lazima zitoke, na zikizibiwa njia yao husukuma oili itokee penye udhaifu. Unaweza kubadilisha gasketi kila mwaka na kuzilaumu duka zote za Shaurimoyo, kumbe pua ya injini imeziba. Aliiosha kwa petroli mpaka ikaanza kulia kama kijaluba chenye punje mbili. Malipo aliyoyataja yalikuwa madogo hata nikaongeza, na akaniagiza: silikoni iachwe ishike walau saa moja, na Tanga nitafute gasketi halisi, hii ni ya kunifikisha.

Saa kumi na nusu nikaingia barabarani peke yangu. Milima ya Usambara ilikuwa kushoto, samawati, mawingu yakiikalia mabegani. Hale ikapita, na mto Pangani wenye maporomoko yanayozalisha umeme. Muheza nilisimama, siyo kwa machungwa. Nilipima. Kavu. Pongwe sikusimama. Niliingia Tanga waendesha baiskeli wakiwa wamejaa barabarani kama ilivyo ada ya mji ule, adhana ya Magharibi ikiitana kutoka msikiti hadi msikiti, na nilikuwa na muda wa kuoga, kuvaa kanzu na kushindwa kuiondoa harufu ya petroli vidoleni. Bwana arusi aliponipa mkono wakati wa kuitikia nadhani aliisikia. Aliushika vizuri tu.

Gasketi ilipatikana Jumatatu kwenye duka moja la Ngamiani, mtaa ambao barabara zake zina namba badala ya majina, na mzee mmoja fundi wa hapo aliifunga asubuhi nzima huku akinihadithia kuhusu Tanga ya enzi za viwanda. Yeye ndiye aliyegundua la pili. Chini, pale injini inapokutana na gia boksi, kulikuwa na unyevu. Hiyo ni sili ya nyuma ya krenki. Yenyewe haifikii bei ya kuku wa kienyeji, lakini kuifikia ni lazima gia boksi ishushwe, na hapo ndipo kuku anapogeuka kuwa mbuzi.

"Inadondosha kiasi gani?" nilimuuliza.

"Weka boksi chini yake usiku, ulisome asubuhi."

Tuliweka. Asubuhi yake karatasi ilikuwa na madoa mawili, kila moja la ukubwa wa sarafu, ya kahawia, kwa hiyo ilikuwa ya injini. Ingekuwa nyekundu tungeushuku usukani. Ingekuwa ya kijani au ya waridi, tungeyatazama maji ya rejeta. Na maji matupu ni ya kiyoyozi, hayo hayana kosa. Mzee alisema matone mawili kwa usiku si ugonjwa wa kushushia gia boksi. Litashushwa siku klachi itakapokwisha, kazi mbili zilipwe mara moja. Mpaka hapo nipime kila Ijumaa, niandike, na namba zikianza kukimbia nisingoje klachi. Kuna dawa za chupa zinazolainisha mpira mkavu, naye hakuzitukana. Alisema humsaidia mzee aliyekauka, hazimfufui aliyechanika. Kuhusu kuuza gari kabla halijazidi, kama shemeji alivyoshauri, kwa kuliosha injini ing'ae kama zile za madalali, mzee alicheka tu akasema mnunuzi naye ana watoto.

Tulirudi Jumanne, wote sita. Segera tulisimama kumwonyesha kijana kazi ya mwenzake. Alikuwa chini ya lori, akatoka, akapitisha kidole ukingoni mwa tapeti kava kutoka pembe hadi pembe, akakitazama juani, akakitazama tena. Kisha akamwamkia mama mkwe, akapokea mfuko wa machungwa, akarudi chini ya lori lake.